Barua za Kurasa Nne

Harufu ya sabuni ya kufulia bado hunirudisha Kathiani. Nilifika huko miaka ya tisini, nikiwa na miaka tisa, kwa treni kutoka Mombasa hadi Konza, kisha nusu siku juu ya lori la mchanga. Mama alikuwa akifua nguo hotelini. Aliniambia nitakaa kwa nyanya yangu, Susu tulivyomwita, mpaka shule zifungwe. Zilifungwa mara tano.

Badala ya Mama zilikuja barua, zikinukia sabuni ile. Susu hakujua kusoma, kwa hivyo nilimsomea huku akipukuchua mahindi. Mama alisalimia kila mtu, akauliza hali ya mbuzi, akaeleza mvua ya Mombasa na ukali wa mpishi mpya. Susu alisikiliza amekunja uso, kama anayeonja maziwa yaliyotiwa maji.

"Hiyo ni maneno mingi," alisema. "Anakuja ama haji?"

Nilipekua kurasa zote nne. Jibu halikuwemo.

Kwa Susu, barua ndefu ilikuwa na jambo lililofichwa ndani. Nami nikajifunza kushuku. Mwalimu akirefusha hotuba, nilichungulia kama ana kiboko mgongoni. Barua za Mama nikawa naanzia ukurasa wa mwisho. Tulipojibu, Susu alinipa maneno matatu tu: mtoto anakungoja, kuja.

Siku moja ikaja barua ya mstari mmoja: "Nimepata chumba. Nakuja Jumamosi." Susu aliniomba niisome mara tatu, kisha akarudia mahindi yake.

Jumamosi Mama alifika kweli. Tulipoanza kuondoka, Susu akaanza kuongea. Kutoka mlangoni hadi barabarani hakunyamaza: nisile maembe mabichi, kuku mweupe ameanza kutaga, paa la jiko linavuja, jirani ameahidi misumari lakini jirani huyo anajulikana. Nilimtazama kwa shaka.

"Susu, unaficha nini?"

"Sifichi kitu, Mutua. Panda gari."

Nimehama miji mingi tangu siku hiyo. Juzi nilimpigia mwanangu simu, nikamweleza habari za mvua, za mwenye nyumba, hata za paka wa jirani, mpaka akaniuliza kama ninakuja ama siji. Nikawakumbuka wanawake wale wawili.

Siku ile gari lilipong'oka, Susu alikuwa bado anaongea. Niliona midomo yake ikienda, nisisikie neno.