Amri Niliyoisahau Homa Bay

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita na bado alikuwa anakwenda machimbo ya Osiri kukamua dhahabu. Kazi yenyewe ni kuchanganya unga wa mawe na zebaki ndani ya karai, kwa mikono mitupu, mpaka chembe zishikane. Nesi wa kliniki alimwonya kwamba zebaki si kitu cha kushikwa na mama mjamzito. Nilimnunulia glavu, akasema zinamzuia kuhisi chembe. Nilipomwambia aache kabisa, alinitazama, akaitazama na kompyuta iliyokuwa mapajani mwangu.

"Niache, alafu tukule nini? Linux?"

Alikuwa na haki ya kunicheka. Pale Suna tunakoishi majirani walishaniita jakompyuta, mtu wa kompyuta, kwa sauti ile ile wanayomwitia mlevi jakong'o. Mwaka mzima nilikuwa najifunza mashine ambazo sijawahi kuziona kwa macho: mainframe, zile kompyuta kubwa kama kabati ambazo mabenki hutegemea. Hatimaye kampuni moja ya Nairobi ilikubali kunipa mtihani wa vitendo. Nikifaulu, nimeandikwa kazi. Na mke wangu aliahidi kwamba siku nitakapoandikwa, karai lake litakuwa la kufulia nguo za mtoto.

Umeme wa Suna siuamini hata kidogo, kwa hiyo tulikodi chumba cha mikutano katika gesti moja Homa Bay. Alisisitiza kuja. Alikaa ng'ambo ya meza, mahali ambapo kamera haimfikii. Skrini alikuwa haioni. Alikuwa anauona uso wangu tu.

Swali lilikuwa hili. Linux ya mainframe moja, yaani mfumo unaoiendesha, ilikataa kuamka kwa sababu diski yake ilikuwa imehamishiwa namba nyingine. Linux inapoamka husoma mstari mfupi wa maelekezo, na mstari ule ulikuwa bado unataja namba ya zamani. Ukiwa kwenye konsoli, skrini ya kuiongozea mashine, unaweza kuandika maelekezo mengine wakati wa kuiwasha, nayo yakayashinda yale ya zamani. Niliandika namba mpya, nikabonyeza. Mistari ikashuka, ikashuka, ikafika mwisho, mashine ikaniomba jina na neno la siri. Nusura nipige vigelegele, mimi mwanamume mzima.

Lakini maelekezo ya namna hiyo hufanya kazi mara moja tu. Ukiizima mashine, yamepotea. Hilo nililijua. Nikafungua faili la maelekezo, nikasahihisha namba, nikahifadhi, nikasema nimemaliza.

"Una uhakika?" msimamizi aliniuliza kwa video kutoka Nairobi. Alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya upole.

"Ndiyo, madam."

"Haya. Weka mikono juu ya meza niione. Naizima, halafu naiwasha tena."

Mikono ilikuwa tayari juu ya meza nilipokumbuka. Kwenye mainframe, kusahihisha faili hakutoshi. Lazima baada ya hapo uandike amri moja, zipl, ndipo marekebisho yaandikwe kwenye sehemu ya diski ambayo mashine huisoma inapoamka. Kwenye laptop yangu ya mazoezi nilizoea kuhifadhi faili na kwenda zangu kunywa chai.

Herufi nne! Kibodi ilikuwa karibu na vidole vyangu kuliko kikombe cha maji.

"Madam, samahani, kuna kitu kimoja tu..."

"Mikono, tafadhali."

Mistari ilianza kushuka. Nilitamani umeme upotee, ule wa Suna ninaoutukana kila siku, lakini wa Homa Bay siku hiyo uliwaka bila hata kupepesa.

"Imeamka?" mke wangu alininong'oneza.

Mashine iliitafuta diski kwenye namba ya zamani, ikaikosa, ikasimama. Nilijichukia kwa namna ambayo sijawahi kumchukia mtu mwingine.

"Kuiwasha uliiwasha vizuri," msimamizi akasema. "Pole sana."

Mke wangu hakusubiri nimweleze. Alikuwa ameanza kukunja waya wa chaja.

Asubuhi iliyofuata, tukiwa nyumbani Suna, alikuwa mlangoni na karai lake.

"Leo usiguse zebaki," nikamwomba. "Leo tu. Ponda mawe, wengine wakamue."

Alinitazama, akanihurumia. "Sawa. Leo tu."

Jioni alirudi akasema hakugusa, nami nikamwamini. Kesho yake nilimwomba tena, akakubali tena. Siku ya tatu usingizi ulinizidi. Nilipoamka na kutoka mbio, karai halikuwepo mlangoni.