Niligoma kuivamia ngome ya mfiwa, sasa sielewi nani alikosea

Heshima kwenu wakuu. Nakaribia miaka hamsini na nacheza gemu ya simu ya falme na majoka. Chekeni kwanza, kisha mnisikilize, maana nasimulia kama ilivyotokea na bado sijaielewa.

Natengeneza vyerehani Kariakoo. Kiingereza cha gemu nilijifunza mwenyewe kwa kamusi, ndiyo maana kundi letu likanifanya makamu. Mkuu wetu ni Mama Shani, jirani yangu muuza vitenge, na ndiye aliyeniingiza.

Kanuni moja muhimu: vita haianzi mpaka mkuu na makamu wote wabonyeze kukubali.

Wapinzani wetu wanaongozwa na Issa wa Upanga, mtu tunayefahamiana naye vizuri. Kundi lake lilibakiza kidogo kukamilisha joka lao. Likikamilika, ngome yetu tuliyoijenga mwaka mzima ndiyo basi.

Ijumaa moja Issa akafiwa na mama yake. Akazima simu. Ngome yake ikabaki bila mwenyewe.

Mchana Mama Shani akanipigia. Nyuma yake nasikia masufuria na wanawake wakibishana.

"Fundi, mimi nimeshabonyeza. Bado wewe."

"Mama Shani, mtu kafiwa!"

"Unaniambia mimi? Niko hapa hapa msibani namenya vitunguu. Bonyeza bwana, wali unaungua!"

"Siwezi. Dhamiri inakataa."

"Hiyo dhamiri yako haina kundi? Wenzako wote wanakutegemea wewe."

Sikubonyeza. Huku kwetu jirani akifiwa hata redio ya dukani inapunguzwa sauti. Nikaona kumvamia siku hiyo ni unyama, hata kama ngome yenyewe ni ya kwenye kioo cha simu.

(Niliipitia miongozo yote ya gemu kutafuta habari za misiba. Hakuna.)

Wiki iliyofuata joka la Issa likatuchoma mpaka msingi. Kundi zima likanishukia. Mmoja aliandika, "Makamu ana roho ya malaika na akili ya kuku." Nikavuliwa cheo.

Nikajipa moyo kwamba angalau Issa atanielewa. Nikaenda Upanga kumpa pole, nikamweleza yote.

Akacheka kidogo. "Kaka, ungebonyeza tu. Ile si gemu?"

Kisha akaniangalia.

"Mama Shani ndiye aliyemwosha mama yangu. Akalala hapa matanga yote. Wewe ndiyo nakuona leo."

Siku ya mazishi nilikuwa kibandani kwangu, najiona mtu mwema.

Nilichojifunza mpaka sasa ni kimoja: msiba unaendewa kwa miguu. Hilo la kubonyeza bado linanichanganya. Nilikuwa mwaminifu kwa nani hasa? Aliyetaka kumvamia mfiwa ndiye aliyemfuta machozi. Mimi niliyemhurumia sikufika.

Jana Mama Shani kaniandikia nirudi kwenye umakamu. Sijamjibu.

Wewe ungebonyeza? Semeni, hata kwa kunitukana, ila mtoe na sababu.