Aliyetakiwa Kusahau Alichokiandika

Kazini walimwita Kobe, kwa sababu hakuandika mstari wa programu kabla ya kuuzungusha kichwani mpaka ulainike. Nyumbani hakuwa na wa kumwita jina lolote. Alipanga chumba kimoja ghorofani: kitanda, meza, kiti. Kiti cha pili cha nini, na hakuna anayekuja?

Mtu wake alikuwa mama yake, aliyeishi mbali na ambaye masikio yake yalikuwa yameziba kwa uzee. Zamani walipiga soga kwenye simu kila jioni. Masikio yalipoziba, soga ikageuka ujumbe mfupi: "Umekula?" "Nimekula." Basi. Ndipo Kobe alipoandika programu ya simu: yeye anazungumza huku, maneno yake yanatokea kwa mama papo hapo, kwa herufi kubwa. Siku ya kwanza alimwambia, "Mama, leo nimechemsha maji yakaungua." Kicheko kikaja kabla hajafunga mdomo.

"Oa, mwanangu, utauchoma mtaa!"

Kampuni yake ilikuwa na ghala la mtandaoni ambamo kila mfanyakazi, kabla ya kutoka, aliweka nakala ya kazi yake isije ikapotea. Diski ya kompyuta ya Kobe ilipoanza kusumbua, alihofia programu ya mama isije ikapotea, akaihifadhi humo. Kwa watu wa kazi hii, kukaa bila nakala ni kama kulala mlango wazi. Hakuwaza kwamba alikuwa anaifungia mali yake ndani ya nyumba ya mtu.

Meneja akaiona.

"Kobe, hiki kitu ni dhahabu, kaka! Mbona ulitubania?"

"Si cha kazini, bosi. Nilimwandikia mama."

"Mama ni wetu sote," meneja akacheka. "Lakini mkataba wako unasema chochote cha fani hii utakachobuni ukiwa mwajiriwa ni cha kampuni. Tena umekileta mwenyewe ghalani. Kuna mteja anakitaka, na anataka kiwe chake peke yake."

"Na mama?"

"Itabidi tumtoe. Pole."

Wakamtoa. Jioni mama akaandika: "Ile simu yako imekufa?"

Nasema wazi: sheria za namna hii hutungwa na wenye ofisi. Mwashi akimaliza nyumba ya tajiri, huondoka na ufundi wake mikononi, akajenge nyingine. Mwandishi wa programu huambiwa hata mikono aiache mlangoni!

Kobe aliacha kazi. Jirani yake wa meza hakuamini. "Wewe Kobe, leo ndiyo umejua kukimbia? Utakula nini, kibodi?"

"Nitamwandikia mama nyingine."

Siku ya kurudisha kompyuta ya ofisi, mwanasheria wa kampuni alimweka chini. "Andika, hakuna anayekuzuia. Ila isifanane na yetu. Ukinakili, hata kwa kukumbuka, tutaonana mahakamani."

"Nitasahauje nilichokiwaza mwenyewe?"

"Hilo, ndugu yangu, si swali la kisheria."

Akarudi chumbani kujifunza kusahau. Kila alipoanza kuandika, vidole vilikwenda kulekule. Ile njia ya mkato, ya kurusha kila neno kabla sentensi haijaisha, aliigundua siku moja akioga, sabuni ikiwa machoni. Sasa ilikuwa ya kampuni, pamoja na sabuni yake. Akafuta, akaanza upya, akajikuta palepale, kama mtu aliyeamriwa abadili mwendo asije akafanana na nafsi yake. Hakumpigia mtu, na hakuna aliyempigia. Alipofika hatua ya kuijaribu programu, sauti yake ilitoka na kutu ikamshtua.

Mwisho alichagua njia ndefu: sentensi ikusanywe nzima, ikaguliwe, ndipo itumwe. Ilikuwa kazi mbaya, naye alijua. Lakini haikufanana na ya kampuni, wala haikufanana na yake.

Akampigia mama.

"Mama, unanisoma?"

Kimya. Kikarefuka mpaka akadhani simu imekatika.

"Nakusoma, baba! Mbona unachelewa hivyo, umehamia mbinguni?"

"Nimebadili njia, mama."

Kimya tena.

"Ile ya mwanzo ilikuwa nzuri. Kwa nini ukaibadili?"

Angeanzia wapi? Kwamba ile nzuri ilikuwa yake, na si yake?

"Imeharibika," akasema.

Akasubiri. Mama akaguna tu. Kobe akaona bora achangamshe mambo.

"Mama, leo nimefua shati, upepo ukalipeleka kwa jirani. Nimelifuata, likaniambia halinijui."

Nje mtu alikuwa anapandisha ndoo ya maji kwenye ngazi, akipumzika kila kituo. Kobe akaibana simu sikioni, akangoja mama yake acheke.