Kualika kwa Baiskeli

Mie ni mtu wa daftari. Nikiwa na jambo la kusema huliandika kwanza, na nikishaliandika mara nyingi naona limekwisha, sina haja ya kulisema tena. Nyumbani kwetu Keko hilo halimsumbui mtu. Baba ana karakana ya fanicha kando ya barabara, randa na nyundo zinalia kutwa, nani atagundua kwamba kuna mtoto hajafungua mdomo tangu asubuhi?

Nilipomaliza kidato cha pili mama akanichukua twende Mafia, kwa kaka yake, ambaye alikuwa anaoza binti. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, madukani kumejaa kila kitu, na mtaani kwetu harusi haikuwa harusi bila kadi. Mama akachapisha kadi Kariakoo: karatasi ngumu inayong'aa, mawaridi mekundu, na njiwa wawili wameshikana midomo. Mjomba alizigeuzageuza mkononi, akasema, "Nzuri," kama mtu aliyepewa kiatu kisichomtosha.

Mjomba anakaa Kilindoni. Jamaa zake wametawanyika upande wa kaskazini mpaka Bweni, mwisho wa kisiwa, nyumba kumi na moja. Yeye mguu ulikuwa umevimba, watoto wake wote wa kike, kwa hiyo baiskeli ikaegeshwa mbele yangu.

"Wote uwafikie," alisema, "lakini Bweni ndiyo safari yenyewe. Yule asipokuja nitakuwa nimeoza mtoto kama mtu asiye na kwao."

Yule wa Bweni ni mdogo wa bibi yangu marehemu. Mama na mjomba walifiwa wakiwa wadogo, yeye ndiye aliyewalea. Mama hakuongeza neno, alinifungia mihogo ya kuchemsha tu. Bi harusi alikuwa amewekwa ndani, akachungulia dirishani: "Mmemtuma bubu wa Dar akaalike? Basi wageni wataoteshwa ndotoni."

Nikaondoka Jumatatu alfajiri.

Watu hudhani ardhi tambarare ni raha ya mwendesha baiskeli. Kisiwa kile ni bapa kama sinia, na nilichojifunza ni kwamba pasipo na kilima hapana mteremko pia. Hakuna mahali pa kuacha miguu ining'inie upumzike. Unakanyaga, unakanyaga, minazi, mikorosho, minazi tena, na ukiingia kwenye mchanga unashuka unasukuma. Magari hayapo. Kutwa nzima niliona lori moja la mbata, nalo limesimama, dereva amelala chini yake.

Sasa niseme ukweli, maana hapa naandika, siongei. Sikuongea na mtu. Nilikuwa nikiikaribia nyumba naanza kuomba Mungu wenyewe wasiwepo. Nikikuta mtoto uani nampa kadi, nasema "mpe baba," nageuza. Nikikuta mlango umefungwa napenyeza chini. Kule Bweni, mlango wa bibi ulikuwa wazi na ndani nilisikia mtu akikohoa. Nikachomeka kadi kwenye makuti ya baraza, nikapanda baiskeli kabla kikohozi hakijaisha. Kwa kuwa sikukaa kwa mtu, magharibi nilikuwa nimerudi Kilindoni.

"Umewafikia wote?" mjomba akauliza.

"Wote."

Jumatano asubuhi akaja binamu yake wa Kirongwe kuuza ndizi sokoni, akapita nyumbani kusalimia. Alipokwishakaa akasema, "Nasikia mna shughuli."

"Husikii, umealikwa," mjomba akasema.

"Na nani? Mie nimeletewa picha ya njiwa. Mwanangu kaibandika ukutani, inapendeza. Tunangoja kualikwa." Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Na mama yenu wa Bweni, alivyonitumia salamu, kakasirika. Anasema wanawe wamempelekea samansi. Karatasi haijawahi kuja mlangoni kwake isipokuwa ya baraza la kata."

Mama aliinuka akaingia ndani. Mjomba hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinitazama kama anayetazama kamba iliyokatika kisimani, akanieleza polepole kwamba kwao mtu haalikwi na kitu, anaalikwa na mtu, wa damu, akae, anywe maji, aseme kwa mdomo wake. "Harusi Ijumaa," akasema. "Nenda. Bweni ulale, kesho urudi."

Mapaja yalikuwa hayajapoa kutoka Jumatatu. Kalio sikuweza kuliweka kwenye tandiko, nikawa nakaa upandeupande kama mgonjwa wa jipu. Njiani nikajifundisha maneno. Barabara tupu, hakuna wa kunicheka, nikawa nayasema kwa sauti kubwa: "Mjomba anakusalimu. Ijumaa anaoza. Shughuli ni yako, uje wewe na watu wa nyumbani kwako!"

"Tumesikia!" sauti ikajibu kutoka juu. "Tutakuja!"

Nusura nianguke. Mkwezi alikuwa kileleni mwa mnazi, panga mkononi, anacheka mpaka makuti yanatikisika. "Rudia, braza, mke wangu hakusikia!"

Nyumba ya kwanza maneno yalitoka yamepinduka, nikaanza na "uje" nikamalizia na salamu. Mwenye nyumba akanisaidia kuyapanga, kisha akaniletea dafu. Nyumba ya pili wakaniletea dafu na mhogo. Ya tatu wali. Huwezi kukataa, ukikataa umerudisha mwaliko wenyewe. Kwa hiyo nilikuwa nakanyaga nimeshiba kama chatu, kila nusu saa nashuka kukaa barazani kwa mtu mwingine na kusema tena. Sikuzoea. Wanaosema kuzoea kunakuja kwa kurudia hawajawa na haya kama yangu. Kila nyumba moyo ulidunda vilevile, ila uchovu ulikuwa umezidi, hata nguvu ya kukimbia sikuwa nayo.

Bweni nilifika jua linateremka. Bibi alikuwa barazani anasuka ukili. Ni mdogo wa umbo, macho makali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Hakuinua uso. "Nani wewe?"

Nikamwambia mtoto wa nani.

"Ahaa. Kumbe ndiye wewe mume wangu wa Dar. Mume gani anatupa karatasi makutini halafu anakimbia? Nilikuona mgongo."

Aliendelea kusuka.

"Nilikohoa makusudi uingie," akasema.

Hapo yale maneno yote niliyojifundisha yakapotea. Nikabaki na aibu tu, nikasema kilichokuwepo: "Bibi, niliogopa kusema. Mama na mjomba hawakujua. Kosa ni langu. Mjomba amesema usipokuja atakuwa hana kwao."

Mikono yake ikasimama. "Kasema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

Akaukunja ukili akauweka kando. "Na mama yako kasemaje?"

"Hakusema. Alipopata habari zako aliingia ndani."

"Ndivyo alivyo tangu mdogo. Akiumia anaingia ndani," bibi akasema. "Lori la mbata haliji mpaka Jumamosi. Hiyo keria yako ina nguvu?"

Alhamisi baada ya swala ya alfajiri alikaa upande kwenye keria, kifurushi magotini, mkono mmoja kwenye mkanda wangu. Hata kwa wembamba wake, mchangani baiskeli ilizama. Nilisukuma naye akiwa juu, mpaka akaona nahema vibaya, akashuka tukatembea wote wawili, vipande virefu, bila kusema kitu. Nilimpenda kwa kunyamaza kule.

Tulifika Kilindoni alasiri. Mjomba alitoka akichechemea. Mama alitoka jikoni na upawa mkononi, akausahau, akapiga magoti mbele ya bibi nao ukadondosha mchuzi kwenye khanga. Bibi akamshika kichwa. "Kiuno changu hakifai tena," akasema, "nileteeni mafuta. Na huo wali nani kauinjika? Unaungua."

Wote wakaingia ndani naye. Nilibaki nimeishikilia baiskeli. Kwa mara ya kwanza maishani nilitaka mtu aniulize kitu, hata kimoja, jinsi tulivyokuja, tulipopumzika. Hakuna aliyeuliza. Nikaiegemeza ukutani, nikajilaza kwenye mkeka wa barazani. Ndani nilimsikia bibi akigawa kazi, na mama akiitikia "naam" kama mtoto. Nilifumba macho. Miguu ilikuwa bado inakanyaga.