Majua Madogo Chini ya Mpera

Mwaka wa sabini na tatu, jua lilipopatwa, nilikuwa nikifanya kazi katika studio ya picha mjini Nairobi, kwenye barabara iliyo nyuma ya soko. Kazi yangu ilikuwa kusuuza picha zikitoka kwenye dawa, kuzianika, kisha kuzikata kingo. Niliacha shule mama alipofariki. Baba alikuwa ametangulia. Nikabaki na wadogo zangu watatu: mvulana anayenifuata, aliyekuwa ameingia sekondari, msichana wa shule ya msingi, na kitinda mimba wa kike ambaye hakuikumbuka hata sura ya mama.

Kwetu magharibi, baada ya mazishi kuna siku ya kunyolewa nywele, na siku hiyo wazee hukaa kuamua nani atachukua nini: ng'ombe, shamba, watoto. Wadogo zangu waligawanywa, mmoja huku, mwingine kule. Nilisimama na kichwa changu kilichotoka kunyolewa nikasema hawaendi popote, nitakaa nao Nairobi. Wazee wakacheka. Baba Mkubwa, kaka yake baba, hakucheka. Mimi nimepewa jina la mama yake, na kwa hiyo tangu nikiwa mdogo alikuwa akiniita "mama".

"Sawa, mama," alisema. "Lakini kila mwaka nitumie picha yao. Siku nitakayoona mmoja amekonda au ana ugonjwa, nakuja kuwachukua wote."

Kila mwaka nilituma. Niliwapanga studio mbele ya pazia lililochorwa maua, viatu vimepakwa rangi, na mwenye studio akawapiga picha. Lakini mwaka ule mwenye studio alifunga duka, akachukua kamera zake nzuri, akaenda kaskazini kwenye ziwa, mahali walikosema mchana utakuwa giza kabisa. Mimi aliniachia kamera yake ya zamani, ndani yake mabaki ya filamu ya harusi.

"Zimebaki picha tatu," aliniambia. "Huku Nairobi jua litamegwa tu, halitafunikwa lote. Jaribu bahati yako."

Sikuwahi kupiga picha maishani mwangu. Nilikuwa nimezisuuza maelfu bila kupiga hata moja.

Tulikaa mtaa wa Kangemi, chumba kimoja chenye ukuta uliopakwa chokaa, na mpera mmoja uani. Kamera ilipofika nyumbani, vita vikaanza.

"Zote tatu ni za jua," alisema mdogo wangu wa kiume.

"Na Baba Mkubwa tumtumie nini? Jua?"

"Dada, jua halirudii hivi tena. Sisi tuko hapa kila siku."

"Tuko hapa kila siku kwa sababu ya picha," nikamwambia. Tulipatana: mbili za jua, moja ya watoto.

Wiki nzima redio ilikuwa ikionya watu wasilitazame jua kwa macho. Jumamosi ile majirani waliwafungia watoto ndani na kuziba madirisha kwa magunia. Sisi tulitoka. Nilikuwa nimeokota studio vipande vya filamu iliyoungua kwa mwanga, nyeusi tititi, nikavifunga mbele ya kioo cha kamera. Kamera niliiweka juu ya kiti na kuielekeza juu kwa kufuata kivuli chake, bila mtu kuweka jicho.

Jirani yetu alichungulia mlangoni. "Nyinyi! Hamna baba, hamna mama, sasa mnataka mkose na macho? Nani atawashika mkono?"

"Dada atatushika," kitinda mimba akamjibu. "Wewe jishike mwenyewe, unachungulia!"

Mlango ukafungwa kwa kishindo.

Jioni iliingia kabla ya wakati wake. Kukawa na baridi, kuku wakapanda kwenye tawi lao, na mwanga ukawa kama wa maji yenye jivu. Nilipiga moja. Nikangoja, nikapiga ya pili. Nilipogeuka kuwapanga watoto kwa ile ya tatu, niliona ukuta.

Ukuta wote ulikuwa umejaa majua. Kila upenyo kati ya majani ya mpera ulikuwa umetupa jua dogo lililomegwa, kama ukucha uliokatwa, mamia yakitetemeka juu ya chokaa. Wadogo zangu walikuwa wamesimama katikati yake, majua kwenye mashati, kwenye mapaja, kwenye vipaji vya nyuso. Kitinda mimba alijaribu kuyafuta mkononi, yakakataa, akaanza kucheka. Nilivua vile vipande vyeusi, nikawaambia wasisogee, nikapiga.

Jumatatu mwenye studio alikuwa bado safarini. Nilisafisha filamu yangu mwenyewe kwenye chumba cha giza. Picha ya kwanza ya jua haikutoa kitu. Ya pili ilitoa kidoa kimoja cheupe, kidogo kama punje ya mchele, kimepinda. Ya tatu ilipoanza kuja ndani ya dawa, chini ya taa nyekundu, nilishika ukingo wa trei kwa mikono yote miwili. Walikuwepo wote watatu, na majua yao yote.

Niliianika nikaenda kula. Niliporudi, fundi wetu wa kurekebisha picha, mzee mmoja wa Machakos, alikuwa ameinama juu yake na brashi yake ya nywele chache. Kazi yake ilikuwa kuwaondolea wateja chunusi na makovu kwa wino, na mkono wake ulikuwa haukosei. Alikuwa amemaliza nyuso mbili. Zilikuwa safi kama yai.

"Mzee, unafanya nini?"

"Nakuokoa. Si hii ndiyo unapeleka kwenu? Hawa watoto wamejaa mabaka ya choa mwili mzima."

"Si choa, mzee. Ni jua."

Nilimweleza. Alivaa miwani, akaitazama tena, kisha akaweka brashi chini polepole. "Ni jua, sawa," alisema. "Mimi umenieleza. Huyo mzee wako nani atamweleza? Yeye anajua choa. Chapa nyingine, nitaifuta yote, hakuna atakayejua."

Alisema kweli, na nililijua hilo. Nilichapa nyingine. Nilimwona akinyoosha mkono, nikasita. Hiyo ilikuwa picha yangu ya kwanza, na ilikuwa nzuri kuliko zote zilizowahi kupita kwenye beseni langu. Kama niliweza kuwatunza, niliweza pia kuwaonyesha walivyokuwa. Nyuma yake niliandika: "Baba Mkubwa, haya si madoa. Ni jua lilipopatwa." Nikaituma hivyo hivyo.

Agosti Baba Mkubwa alikuja bila taarifa. Nilirudi kutoka kazini Jumamosi adhuhuri nikamkuta uani, amevaa koti lake la kanisani, mkononi picha imefungwa kwenye leso. Alikuwa amesafiri usiku kucha. Hakuketi. Alimvuta kitinda mimba kwenye mwanga, akamgeuza kichwa huku na huku, akamtazama nyuma ya masikio, akakunja mikono ya gauni lake. Kisha mwingine. Hata mdogo wangu wa kiume, mrefu kumpita, aliinamishwa. Mimi nilisimama mlangoni na begi langu begani.

"Hakuna choa," alisema mwishowe. "Mbona picha ina mabaka?"

Kitinda mimba alimshika kidole, akamsogeza hatua chache hadi chini ya mpera. Jua lilikuwa zima siku hiyo, na juu ya lile koti jeusi vikatua viduara vingi vya mwanga.

"Na wewe una choa, Baba Mkubwa!"

Alijitazama kifuani. Aliukung'uta mkono mmoja, viduara vikabaki. Alicheka hadi akashika mti.

"Siku ile sisi tulikuwa chini ya vitanda," alisema, "tukidhani dunia imekwisha. Na nyinyi mlikuwa nje mnapiga picha." Akanigeukia. "Mama, nilikuja na nauli ya watoto watatu. Nipikie chai, nirudi peke yangu."

Hakunidai picha tena baada ya hapo, ingawa niliendelea kutuma. Ile ya majua aliiweka kwenye fremu ya kioo, ukutani juu ya kiti chake. Nilipokwenda nyumbani miaka mingi baadaye, nilimkuta akimwonyesha mgeni, doa kwa doa, kwa ncha ya fimbo.

"Hili ni jua. Na hili ni jua. Hapa kwenye shavu, jua." Kisha akanielekezea ile fimbo. "Aliyewashikilia wasisogee ni huyu."