Umepona Homa, Hujapona Mti

Nakumbuka siku moja kule Kwihara, mwanangu, wimbo ulinikatikia mtini, na mpaka leo sijaelewa vizuri ulikwenda wapi.

Nilikuwa nimetoka kuugua corona. Homa ilikwisha, kikohozi kikakauka, hospitali wakaniruhusu, nami nikajiona mzima. Shule niliiacha mapema, nikafuata reli hadi Kigoma, nikachoma mkaa, nikauza vitunguu Igunga, na kila nilipokwama nilirudi Kwihara kwa Mjomba Maganga kurina asali. Kazi ile ndiyo iliyonipa jina. Kwa kupanda, hakuna aliyenishinda.

Sasa, kwa Mjomba kulikuwa na sharti. Anayepanda kwenye mzinga huimba tangu shinani hadi tawini, na aliye chini huitikia. Miaka yote nilidhani tunawabembeleza nyuki.

Siku hiyo nilishika mwenge wangu wa moshi, nikapanda naimba. Kabla sijafika nusu ya mti, pumzi ikaisha. Mikono ilikuwa na nguvu zake, ila moyo ulienda mbio kama wa mtu aliyefukuzwa. Ajabu zaidi, moshi ulikuwa usoni pangu nami sisikii harufu yake.

Mjomba aliponiita nishuke, nilisingizia nimesahau maneno.

"Mpwa wangu, wimbo huu hata mbuzi wangu anaujua. Shuka."

Nilishuka nimenuna. Nikamwambia nimepona, daktari mwenyewe kasema.

"Umepona homa," akajibu, huku akinifungua kamba ya kupandia kiunoni. "Hujapona mti."

Kamba ile hakunirudishia msimu wote. Niliona kama amenizika mzima. Isevya, nilikopanga chumba, vijana walinitania kwamba mrina asali sasa anaogopa hata kimo cha kitanda. Mwenyewe sikujua nina nini. Leo natembea hadi Mtendeni bila taabu, kesho nafua shati moja nahema. Kahawa ilinuka mpira unaoungua. Nilisimama sokoni nikasahau nilichofuata. Nikarudi hospitali, nikauliza maswali mpaka daktari akacheka. Alisema wapo wengi wanaobaki na masalia hayo baada ya ugonjwa, wengine kwa muda mrefu, na kwamba hata wao bado wanajifunza. Nilishangaa: kumbe na wenye vitabu wanapapasa.

Siku hizi pumzi imerudi, ingawa si yote. Harufu ya asali mara naipata, mara hainijii kabisa. Kwa nini, sijui. Nimejua jambo moja tu, kwamba Mjomba, akiitikia pale chini, hakuwa akiwabembeleza nyuki. Alikuwa akisikiliza kifua changu.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Basi ukitoka kitandani, mwanangu, usiulize miguu peke yake, iulize na pumzi. Mwili ukikukatalia, rudi ukapimwe, fanya kazi kidogo kidogo, wala usione haya kushuka ulikopanda. Na ukimwona mwenzio aliyepona anahema kwa kazi ndogo, usimwite mvivu; huenda hata yeye haelewi kinachomsibu.

Mungu akujalie pumzi ya kuimba hadi tawini. Na ikikatika njiani, akuwekee chini mtu anayesikiliza.