Kioo cha Bibi Romana

Baba yangu, Severini, hakuwa mtu wa kusamehe, nami simlaumu. Mama yake, bibi Romana, alipotokwa na baka jeupe mgongoni, jumbe Damiani alitangaza kuwa ni ukoma. Akaamuru ahamishiwe kibanda cha shambani, anywe maji kwa kifuu chake peke yake. Baba alimbeba hadi zahanati ya misheni, karibu na Lindi. Daktari akamkwangua sikio na lile baka, akapaka alichokwangua kwenye kipande cha kioo, akakitia rangi, akakitazama kwa darubini, akasema ni choa tu. Jumbe hakutaka kusikia habari za vioo. Bibi alifia kibandani, mvua ikimnyeshea.

Baba akachukua kile kifuu, akarudi zahanati kuomba kazi ya kuosha vioo. Kioo cha mama yake hakukiosha, alikificha. Kwa miaka kumi na minne alijifunza bakteria na koo zao: wako wa mviringo kama shanga, wako vijiti, wako waliopinda, wako wanaoshika rangi ya zambarau na wako wanaoiachia. Wale wa ukoma ni vijiti. Wakishapakwa rangi nyekundu, hata uwaoshe kwa tindikali, wenzao watapauka, wao hawaiachi. Baba aliwapenda kwa ukaidi huo.

Mwaka 1953 Damiani mwenyewe akaja, vidole vimekufa ganzi. Baba akamwamkia shikamoo, akamkwangua sikio. Kwenye darubini vijiti vyekundu vilikuwa tele. Alitukiria baadaye kwamba alifurahi, na kwamba alitamani kumwambia ni choa, aende zake, vidole vimwishe kimoja kimoja.

Akamketisha kwenye darubini. “Hao ni wako, jumbe.”

Kisha akaweka kioo alichokificha. Damiani akachungulia, akafuta jicho, akachungulia tena. Akasema haoni kitu.

“Huoni kwa sababu hakuna. Hicho ni cha mama yangu.”

Dawa ilikuwa imeshapatikana. Kila Jumatatu, miaka mitatu, Damiani alimeza vidonge mbele ya baba, na maji alipewa kwa kifuu cha bibi Romana. Alipona. Siku ya mwisho alikirudisha kifuu kwa mikono miwili, akaomba radhi.

“Aliyekosewa hayupo hapa,” baba alimjibu. “Kibanda chake unakijua.”